Kunyamaza si kusikiliza

"Kijana yule ana adabu, msikilizaji mzuri, hasemi neno." Sifa hiyo naisikia mara kwa mara, na kila nikiisikia naona tumechanganya mambo mawili. Aliyenyamaza kanyamaza tu. Huenda mawazo yake yako kwenye mechi ya jana.

Kiswahili chenyewe kinaikataa dhana hii. Mtambaji akiita "Paukwa!" bila kuitikiwa "Pakawa!", ngano haisogei. Mazungumzo ya kila siku nayo yanadai kiitikio chake: enhee, ikawaje?, lahaula! Jaribu kumpigia mtu simu, ukae kimya nusu dakika wakati anasimulia. Atakatiza: "Halo? Upo?"

Mwaka 2000, mtafiti Janet Bavelas wa Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada, pamoja na wenzake, alichapisha majaribio ambayo sijaacha kuyafikiria. Watu walisimulia jinsi walivyoponea chupuchupu katika hatari fulani. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ambayo msimulizi hakuijua: wabonyeze kitufe kila wanaposikia neno linaloanza na herufi t. Masikio yao yalikuwa wazi kabisa. Hata hivyo wasimulizi waliokaa nao waliharibikiwa, hasa mwishoni, pale penye utamu. Walimaliza ghafla, au walirudia mwisho uleule, au walianza kujitetea kwamba kisa kilikuwa cha kutisha kweli. Msikilizaji alikivuruga kisa cha mwenzake bila kutia neno. Ndiyo maana siamini anayeniambia "endelea tu, nakusikia" huku kidole chake kinapandisha picha kwenye simu. Kunisikia ananisikia, lakini kunisikiliza ni jambo jingine.

Dhana ya pili inatoka kwenye mafunzo ya usaili wa kazi: ukisikiliza, mkazie mwenzako macho. Kwetu pwani mtoto anayemkazia macho mkubwa wake huambiwa ana macho makavu, na wapo watu wazima ambao jambo zito haliwatoki wakitazamwa. Shangazi yangu huwasikiliza watu huku anachagua mchele kwenye sinia. Siku moja alikuja jirani yake kuzungumza habari za posa ya bintiye. Aliyaeleza mengi ya kuzunguka, na vidole vya shangazi viliendelea kutoa chuya na kokoto, "enhee" moja hapa, "mh" moja pale. Jirani akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba watu wale wametaka mahari yao. Vidole vikasita juu ya sinia. Shangazi hakuinua kichwa. "Wametaka yarudi?" Hapo ndipo mama wa watu alipolia, akayasema yote yaliyomleta.

Kuna na ile hesabu ya asilimia 93, kwamba maneno yana nafasi ndogo mno na mengine yote ni sauti na uso. Chanzo chake ni tafiti za Albert Mehrabian za mwaka 1967, zilizohusu hisia za kupenda na kuchukia pale neno na sauti vinapopingana. Mwenyewe alieleza kuwa haihusu mazungumzo yote. Shangazi asingeshika lile neno "mahari", uso wa jirani usingemwambia kitu.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba mtu akikuletea shida, amekuja kuchukua ushauri. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha London huduma ya watu waliofikia kutaka kujiua, iliyokuja kuitwa Samaritans. Waliofika walikuwa wengi, ikabidi watu wa kujitolea wakae nao na kuwapa chai wakisubiri zamu. Varah akagundua kuwa wengi, wakishazungumza na hao wa chai, hawakuhitaji tena kumwona yeye.

Karibu nasi, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa Harare kuketi na wagonjwa wa mawazo kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 walioketi na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. Bibi hakupi jawabu. Hatua yake ya kwanza huitwa kwa Kishona kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo, naye huuliza mpaka wewe mwenyewe uchague tatizo moja la kuanza nalo.

Na "hata mimi yalinikuta"? Inasemwa kwa huruma, najua. Lakini nimekaa matangani nikaona mfiwa anakatizwa katikati ya sentensi, akageuka yeye kuwa mwenye kutoa pole. Ukitaka kumfariji, muulize mara ya mwisho yeye na marehemu walizungumza nini, kisha umwache aanze taratibu, hata kama ataanza na habari ya chai waliyokunywa.