Marekani Bila Jeso

Juma lililopita mgeni alisimama mbele ya kazi yangu ya rangi ya akriliki juu ya marekani, kitambaa cha pamba isiyopaushwa, niliyoipa jina la "Kusi", akashika ukingo wake, akachungulia upande wa nyuma, na alipoona kwamba rangi imepenya hadi huko, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Hukupaka jeso. Kitambaa hiki kitaoza." Jeso ni rangi nyeupe ya msingi inayotangulia kupakwa juu ya kitambaa kabla ya kuchora. Mgeni huyo ni wa tano kuniambia hivyo mwaka huu, na yeye anafundisha uchoraji, maana yake kuna vijana wanaotoka darasani wakiamini kwamba kanvasi mbichi, yaani isiyopakwa jeso, ni kosa. Nimechoka kulijibu jambo hili mlangoni, nikiwa nimesimama na brashi mkononi, kwa hiyo nalieleza hapa kwa kirefu.

Kanuni anayoitaja ni ya rangi ya mafuta, na huko ni sahihi kabisa. Mafuta ya kitani, yanayobeba rangi hiyo, hayakauki kwa kupoteza maji, bali kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kazi hiyo haikomi siku utando unapoacha kuchafua kidole. Huendelea kwa miaka mingi, ikizalisha asidi zinazoishambulia selulosi, ambayo ndiyo mwili wenyewe wa uzi wa pamba na wa kitani. Uzi hugeuka kahawia, hukakamaa, kisha hukatika. Ndiyo sababu wachoraji wa Ulaya, kwa karne nyingi, walitangulia kupaka gundi ya ngozi ya mnyama na juu yake tabaka la msingi, ili mafuta yasikutane na uzi.

Akriliki haina mafuta hayo. Ni vidonge vidogo mno vya polima, aina ya plastiki, vinavyoelea ndani ya maji pamoja na chembe za rangi. Maji yanapoondoka, vidonge husogeleana, hubanana na kuungana kuwa utando mmoja. Maziwa yale meupe unayoyaona kwenye kopo hugeuka kuwa angavu, na kwa hiyo rangi ikikauka huwa imekoza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Hakuna mwako wa polepole unaoila pamba. Na kuna hoja moja ambayo nashangaa kwamba watu hawaifikii wenyewe: jeso inayouzwa madukani leo ni akriliki iliyochanganywa na unga mweupe wa titani na chokaa, nayo hupakwa moja kwa moja juu ya pamba mbichi. Kama akriliki ingeozesha kitambaa, jeso ndiyo ingekuwa ya kwanza kukiozesha.

Historia nayo huchanganywa. Mwaka 1952 mchoraji Mmarekani Helen Frankenthaler, akiwa na umri wa miaka 23, alitandaza kanvasi mbichi sakafuni jijini New York na kuimwagia rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini na mafuta ya taa, na hapo ikazaliwa kazi yake iitwayo *Mountains and Sea*. Kwa kazi ile onyo la mgeni wangu lina haki yote, na mafuta yenyewe yaliacha duara kuzunguka madoa ya rangi. Mwaka uliofuata wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walikwenda kuiona, wakarudi Washington na njia mpya ya kufanya kazi. Louis akatumia Magna, ambayo ni akriliki ya kuyeyushwa kwa tapentaini wala si ya maji, na hakumruhusu mtu amtazame akiimwaga. Frankenthaler mwenyewe alihamia akriliki katika miaka ya 1960. Kisha akaja mchoraji Sam Gilliam, ambaye mimi ninamwona kuwa mwalimu wangu ingawa sikuwahi kukutana naye: alikunja kanvasi ingali imelowa rangi, akaiacha ikauke na mikunjo yake, na baadaye akaacha kabisa kuiwamba kwenye fremu, akaitundika kama pazia kubwa.

Kitambaa ninachotumia mimi ni marekani. Nakitaja kwa jina kwa sababu jina lake limebeba safari nzima: katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar pamba nzito isiyopaushwa, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, na watu wa pwani wakakiita kitambaa kwa jina la nchi kilikotoka. Nikilifungua jora jipya la marekani, naliona kuwa ni ndugu wa karibu wa pamba mbichi waliyoitandaza kina Frankenthaler, lenye ule weupe wa krimu na vidoa vidogo vya maganda ya mbegu.

Hapa ndipo kazi inapoharibika kwa wengi, na haiharibiki kwa kukosa jeso bali kwa kukosa kufua. Marekani hutoka kiwandani ikiwa na wanga uliotiwa kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu, ili nyuzi zisikatike wakati wa kufuma, na pamba mbichi ina nta yake ya asili. Mwaga rangi nyepesi juu ya kitambaa hicho nayo itasimama kama tone la maji juu ya jani la mgomba, kisha itateleza kuelekea upande usioutaka. Ninaichemsha kwa saa moja na magadi ya kufulia, ninaisuuza hadi maji yatoke meupe, ninaianika, ninaipiga pasi. Husinyaa sana, kwa hiyo ninakata kitambaa kikiwa kirefu na kipana kuliko kipimo ninachokitaka. Baada ya hapo hunywa rangi bila kusita, nayo hutambaa kwa kufuata mtande na mshindio (nyuzi za upana), kiasi kwamba ukingo wa doa huwa na manyoya madogo ambayo hakuna brashi inayoweza kuyachora. Juu ya jeso rangi ileile hutuama kama dimbwi na kukauka na mstari mkali pembeni. Jeso, kwa maneno mengine, si dawa ya kulinda tu. Ni uamuzi wa mahali rangi itakapokaa, juu ya kitambaa au ndani yake, na mchoraji anayeipaka kwa mazoea amekwisha kufanya uamuzi huo bila kujua.

Katika "Kusi" nilikunja marekani iliyolowa kwa marinda membamba, kama yale ya sketi ya shule, nikayabana kati ya mbao mbili na kumimina rangi kwenye migongo ya mikunjo tu. Nilitumia okra ya njano (rangi ya udongo) na bluu ya ftalo (rangi ya kiwandani), ambazo chembe zake hazilingani: za okra ni kubwa na nzito, hubaki karibu na pale zilipomiminwa, ilhali za ftalo ni ndogo mno na husafiri na maji hadi ndani ya mkunjo. Nilipofungua siku ya pili, kila rinda lilikuwa limeacha uti wa mchanga katikati na wimbi la bluu pande zote mbili. Sikuyachora mawimbi yale, lakini niliyapanga, na ilinichukua vipande 11 vya majaribio kujua kitambaa kiwe kimelowa kiasi gani.

Swali la maji ndilo linaloninyima usingizi, na hapa sitajifanya mjuzi. Kila unapoongeza maji unapunguza polima inayoshika chembe za rangi. Juu ya jeso matokeo yake huonekana upesi, kwani rangi hukauka kama vumbi na kufutika. Ndani ya pamba chembe hunaswa kati ya nyuzi, kwa hiyo kazi huonekana imara hata pale ambapo gundi imebaki kidogo mno. Ninachanganya sehemu moja ya rangi, sehemu moja ya midiamu ya akriliki (polima ileile isiyo na chembe za rangi) na sehemu nne za maji, halafu kitambaa kikikauka ninasugua kona kwa pamba yenye unyevu. Katika "Kusi" pamba ilitoka safi kila mahali isipokuwa kwenye bluu ya mbali kabisa, ambako iliondoka na kivuli hafifu. Nadhani midiamu ilichujwa na kitambaa njiani huku chembe zikiendelea na safari. Nasema nadhani, kwa sababu sina darubini ya kunithibitishia.

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi, ingawa huku pwani ndilo jambo linalowaumiza wanunuzi. Utando wa akriliki hulainika katika joto la kawaida la Dar es Salaam, hunata vumbi, na ukifungwa kwa nailoni hushikana nayo. Kazi yangu moja ya zamani, yenye tabaka nene, iliviringishwa hivyo na mnunuzi na kuachwa ndani ya gari. Ilipofunguliwa, nailoni iliondoka na ngozi ya rangi. Tumieni karatasi isiyo na asidi, na viringisheni uso ukiwa nje.

Basi mgeni wangu angekuwa na jambo la kunilaumu kama angeuliza swali jingine. Pamba mbichi isiyofunikwa haiozeshwi na akriliki, lakini haina ngao dhidi ya mengine. Sehemu nilizoziacha bila rangi zitageuka manjano polepole kwa mwanga na hewa, na mizani kati ya weupe ule na bluu, ambayo ndiyo kazi yenyewe, itabadilika. Vumbi likishaingia kati ya nyuzi halifutiki kama linavyofutika juu ya vanishi, na vanishi siwezi kuipaka bila kuua ule ukavu wa kitambaa ninaoupenda. Zaidi ya yote kuna ukungu. Mwaka juzi, wakati wa masika, niliacha kitambaa kimekunjwa kwa siku nne nikingoja kikauke, nikakuta vidoa vyeusi vimeota ndani ya marinda, vingine chini ya rangi kabisa, wala havikutoka. Tangu hapo sikunji kitu kati ya Machi na Mei, na nyuma ya fremu ninaacha nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani ili hewa ipite.

Nimekata kipande kutoka ukingo wa "Kusi", nikakigawa mara mbili. Nusu moja imo ndani ya bahasha gizani; nusu nyingine nimeibandika dirishani inakopigwa na jua la asubuhi. Baada ya miezi 14 bluu zinafanana. Weupe haufanani tena.