Kutengana miaka mitatu hakuvunji ndoa

Watu wengi wa hapa Tanzania wanaamini kwamba wanandoa wakiishi mbalimbali miaka mitatu, ndoa inakuwa imejifia yenyewe. Si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautaja muda huo kama ushahidi mmojawapo kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Anayeivunja ni mahakama, hata utengane naye miaka kumi.

Safari huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la dini. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati. Itazame tarehe ya hati hiyo, tafadhali: dai la talaka linapaswa kufunguliwa ndani ya miezi sita tangu itolewe. Nimemwona mama akiitoa yake kwenye bahasha, imekunjwa vizuri kabisa, ina miezi minane. Ikabidi arudi barazani. Wapo walioumia zaidi, maana Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo wa shauri zima kwa sababu ya hati isiyo sahihi.

Baada ya hapo hakuna muda maalumu wa kesi kumalizika. Wasiogombania kitu humaliza mapema. Kinachorefusha kesi mara nyingi ni nyumba: nani alinunua kiwanja, nani alipika na kulea wakati mwenzake anajenga (na kazi hiyo ya nyumbani nayo mahakama huihesabu kuwa mchango). Kisha malezi ya watoto, na rufaa, ambayo hukatwa ndani ya siku 45.

Kudai talaka kwa ndoa isiyofikisha miaka miwili huhitaji kibali cha mahakama kwanza.