Kabla ya kumshona Kibo, ingia kihambani

Wanaokuja kujifunza kwilti kwangu hapa Moshi karibu wote wanataka kuanza na mlima. Siwalaumu, ukifungua mlango asubuhi upo palepale. Lakini Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ni mgumu kwa kwilti, na ugumu wake unaeleza vizuri jinsi ninavyotafuta wazo la kazi.

Kwilti ya sanaa ni ya kutundika ukutani, wala si ya kujifunikia. Ina matabaka matatu: kitambaa cha juu kilichopakwa rangi, pamba au sponji nyembamba katikati, na kitambaa cha nyuma, yote yakashonwa pamoja. Rangi inabeba maeneo mapana, yaani ukungu, vivuli, majani ya mbali. Uzi unabeba mistari: kingo, nyufa, mishipa. Kitu kisicho na mistari hakinipi pa kushona, na kisicho na maeneo mapana hakinipi pa kupaka. Sasa mtazame Kibo na mita zake 5,895. Mgongo laini, theluji kidogo, basi. Mawenzi wa pembeni, aliyepitwa kwa zaidi ya mita 700, ndiye mwenye makorongo na meno. Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Kibo alichoka Mawenzi kuja kuomba moto kila mara, akamtwanga kwa mchi. Mimi nimshone Mawenzi aliyetwangwa, Kibo nimwachie mwenye brashi.

Anayeanza namwambia ashushe macho kabisa, aingie kihambani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba.

Shika jani la mgomba ulielekeze juani. Uti mmoja mnene katikati, na kutoka kwake mishipa myembamba inayokwenda sambamba hadi ukingoni. Upepo unapolipasua, linapasuka kwa kufuata mishipa hiyohiyo, kwa hiyo hata uchakavu wake una mpangilio. Rangi nazo si kijani peke yake. Jani linalozeeka huanza unjano pembeni, kisha kahawia, na chini kwenye shina kuna mabaka yanayokaribia zambarau. Yote hayo yako kwenye kitu ambacho jirani anamkatia ng'ombe! Picha ya simu napiga, ila kwa ajili ya rangi tu. Mistari naichora kwa penseli, kwa kuwa mkono huchoka haraka na kulazimika kuchagua ipi ibaki.

Wasiopenda kuchora wanaweza kuliachia jua kazi hiyo. Chukua kitambaa cha marekani, uifue kwanza wanga utoke, la sivyo rangi itakaa juujuu. Itandaze ikiwa na unyevu juu ya karatasi ya nailoni, paka rangi ya kitambaa iliyoongezwa maji, na kabla haijakauka laza majani juu yake. Ya mti wa kahawa yanafaa kwa udogo wake, mradi yalale bapa; yanayonyanyuka yabane kwa vijiwe. Acha kwenye jua kali. Sehemu iliyo wazi hukauka kwanza na kuvuta rangi kutoka chini ya jani, ndipo umbo la jani linabaki na rangi nyepesi kuliko pembeni. Rangi nzito haifanyi hivyo. Juni na Julai, mawingu yanapoganda hapa kwetu, usijisumbue. Ikishakauka, piga pasi ya moto upande wa nyuma ili rangi ishike.

Kwa kushona, cherehani ya miguu inatosha, na naipenda kuliko ya umeme kwa sababu mwendo uko miguuni na mikono yote miwili iko huru. Shusha meno yanayovuta kitambaa. Kama cherehani ni ya zamani na meno hayashuki, yafunike kwa kadi ngumu yenye tundu la sindano. Weka mguu wa kudarizi, sindano namba 14, kisha mikono ndiyo iongoze kitambaa. Anza katikati kwenda nje. Uzi mwingi hupunguza kitambaa, ndiyo maana nakata kikubwa kuliko picha pande zote.

Wengi hupotelea hapa: panaposhonwa huzama, pasiposhonwa huvimba. Ukipitisha uzi juu ya uti wa jani umeuzamisha, ilhali kwenye mgomba uti umetuna. Shona kandokando yake, kushoto na kulia, katikati uache wazi, utainuka wenyewe. Mishipa nayo ishone kwa uzi uliokolea kidogo kuliko rangi iliyo chini yake. Uzi mweusi tii sishauri, unafanya jani lifanane na picha za vitabu vya watoto vya kupaka rangi.

Anga ya nyuma ishone kwa mistari midogo iliyobanana mpaka ilale kabisa, na iingie hadi ndani ya mipasuko ya upepo. Jani litajitokeza mbele. Kazi hiyo ndiyo inayokula uzi kuliko zote, kwa hiyo jaza bobini kadhaa kabla hujakaa.