Haidrojeni na oksijeni: zote hazina rangi wala harufu, sasa ipi ni ipi?

Nafundisha kemia sekondari, na kuna sentensi moja naikuta sana kwenye madaftari ya wanafunzi: "oksijeni inaungua". Hapana jamani! Oksijeni yenyewe haiungui, kazi yake ni kufanya vitu vingine viungue. Inayoungua ni haidrojeni, na ikiungua yanapatikana maji. Ukilishika hilo vizuri hutachanganya vipimo vyake tena.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa pua pia huwezi, na litimasi (ile karatasi ya kupimia asidi na besi) usihangaike nayo maana zote mbili haziibadilishi rangi. Kinachobaki ni moto. Kwa oksijeni unawasha kijiti, unakipuliza kizimike ila kibaki na kaa jekundu kwenye ncha, unakiingiza ndani ya testi tyubu, kinawaka tena hapohapo. Kwa haidrojeni kijiti kiwe kinawaka moto kabisa, unakisogeza mdomoni mwa testi tyubu unasikia "pop!"

Huo mlio ndo wengi wanauelewa vibaya. Unatoka kwenye haidrojeni iliyochanganyika na hewa, kwa sababu haidrojeni safi inawaka kimyakimya kwa mwali hafifu wa bluu. Kwa hiyo kama zinki na asidi vinachemka kwenye chupa yako halafu unataka kuwasha gesi kwenye ncha ya mrija, usiwashe kabla hujakinga gesi kwenye testi tyubu kadhaa na kuzipima mbali na chupa, mpaka upate inayowaka kwa utulivu. Mchanganyiko wa hewa wenye haidrojeni kuanzia asilimia 4 hivi mpaka 75 unaweza kulipuka, sasa huo ukiwa ndani ya chupa ya kioo na wanafunzi wamekaa mbele yako... miwani ya kinga ni lazima, sibishani na mtu hapo.

Uzito nao unasaidia. Lita moja ya haidrojeni ni kama gramu 0.09, ya hewa 1.29, ya oksijeni 1.43. Ndo maana testi tyubu ya haidrojeni unaishika mdomo chini, ukiigeuza gesi inapanda na kupotea, wakati ya oksijeni unaiacha mdomo juu.

Njia ninayoipenda zaidi ni kupasua maji kwa umeme, maana unazipata zote mbili kwa pamoja: upande wa hasi haidrojeni, upande wa chanya oksijeni, na ujazo wa haidrojeni ni mara mbili ya mwenzake. Ila naona watu mtandaoni wanatia chumvi ya mezani ili maji yapitishe umeme. Usifanye hivyo! Upande wa chanya itatoka klorini, ile harufu kali inayokumbusha Jiki, na ni sumu. Weka asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Na kama elektrodi zako (vile vijiti vinavyoingiza umeme kwenye maji) ni ule mkaa wa katikati ya betri ya tochi, usishangae gesi ya upande wa chanya ikiwa pungufu na kijiti kikigoma kuwaka, kwa sababu oksijeni inakula mkaa na kutoa kabonidayoksaidi. Tumia platinamu. Kama shule haina, basi oksijeni itengeneze pembeni kwa haidrojeni peroksaidi na manganizi dayoksaidi kidogo, hiyo kijiti kinawaka bila shida.