Mkataba wa dola milioni 60 si dola milioni 60 mfukoni
Wengi huamini kwamba mpokea pasi wa futiboli ya Marekani akisaini miaka 4 kwa dola milioni 60, fedha zote hizo ni zake. Ni rahisi kuamini hivyo, maana vichwa vya habari hutaja jumla tu.

Katika ligi kuu ya huko, timu inaweza kumwacha mchezaji kabla mkataba haujaisha, na mshahara usiohakikishwa wa miaka iliyobaki hufutika. Chukua mfano wa kubuni: ada ya kusaini milioni 15, kisha mishahara ya milioni 2, 11, 15 na 17. Ikiwa kilichohakikishwa ni ada na mishahara ya miaka 2 ya mwanzo, akiachwa baada ya msimu wa pili anaondoka na milioni 28. Zile 32 hazioni.

Ada ya kusaini ndiyo huwachanganya watu zaidi. Mchezaji huipokea mapema, lakini kwenye ukomo wa mishahara wa timu, yaani kiwango cha juu inachoruhusiwa kutumia kwa wachezaji kwa mwaka, hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5; hapa ni milioni 3.75 kwa mwaka. Akiachwa, milioni 7.5 zilizobaki huhesabiwa dhidi ya timu. Yeye haongezewi hata senti.

Ukitaka kuhakiki, tafuta jedwali la mwaka kwa mwaka. Angalia kiasi kilichohakikishwa siku ya kusaini, na usome masharti yake: dhamana ya jeraha pekee haimlindi akiachwa kwa kushuka kiwango. Mshahara mnono wa mwaka wa mwisho ndio wa kutilia shaka kuliko yote. Mara nyingi hujadiliwa upya, au mchezaji huachwa kabla haujafika.