Ndege za Duxford: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaofika kwenye makumbusho ya ndege ya Duxford, karibu na Cambridge nchini Uingereza, huamini kwamba watakuta magamba matupu yaliyopakwa rangi. Zipo kweli ndege za kutazamwa tu, lakini Duxford ni kiwanja kinachotumika hadi leo, na baadhi ya ndege zake kongwe bado huruka.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba ndege iliyokarabatiwa ni ileile ya zamani, kipande kwa kipande. Spitfire N3200, ndege ya kivita ya Uingereza ya kikosi chenye makao Duxford, iliruka tarehe 26 Mei 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwenda kuwakinga angani askari waliokuwa wakiokolewa Dunkirk, kwenye pwani ya Ufaransa, ikapigwa, na rubani wake, Geoffrey Stephenson, akaishusha kwa tumbo kwenye ufukwe wa Sangatte karibu na Calais, na baadaye akatekwa. Mchanga uliimeza ndege hiyo hadi ilipofukuliwa mwaka 1986. Bati lililoliwa na chumvi kwa miaka 46 haliaminiki kumbeba mtu angani, kwa hiyo iliporuka tena mwaka 2014 sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa ya alumini mpya. Anayeiita bandia anaionea. Lakini anayegusa bawa lake akidhani anagusa bati la 1940 naye huenda anajidanganya.

Mgeni akiwaona mafundi wakizungusha rafadha za B-17 iitwayo Sally B, ndege ya Kimarekani ya kudondosha mabomu, kwa mikono, panga moja baada ya jingine, hudhani ndivyo injini inavyowashwa. Sivyo. Silinda za injini hiyo zimepangwa duara, na ndege ikikaa, oili huchuruzika hadi kwenye silinda za chini. Injini ikiwashwa hivyohivyo, pistoni hugonga oili isiyobonyea na kuvunja vyuma. Kuzungusha kwa mkono kunasaidia kugundua hatari hiyo mapema, kwani rafadha ikigoma, fundi husimama hapohapo wala halazimishi.

Concorde ya Duxford, ndege ya aina iliyobeba abiria kwa kasi kuliko sauti, nayo husingiziwa kuwa iliwahi kubeba matajiri kwenda New York. Hiyo ni ndege ya majaribio, iliyotua hapo mwaka 1977, na haikuwahi kuchukua abiria wa kulipa nauli. Anayeingia ndani akitarajia viti vya kifahari hukuta makabati ya mitambo ya vipimo yamejipanga katika njia nyembamba, kiasi kwamba wageni wawili wakikutana, mmoja hulazimika kujibana ubavu.