Mtoto akivuka mpaka: barua ya serikali ya mtaa haimrudishi

Kila likizo ndefu ya shule inapomalizika, malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu hufanana. Mzazi mmoja yuko Leicester au Minneapolis, mwenzake yuko Tanga. Mtoto alikuja kumsalimia bibi, tarehe ya tiketi ya kurudi imepita na simu hazipokelewi. Mzazi aliyeachwa hutuletea barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa akidhani itamrudisha mtoto. Tunaamini wengi hawakukusudia kuvunja sheria, hivyo tunaeleza tena.

Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto unamhusu mtoto wa chini ya miaka 16. Ule wa 1996, kuhusu majukumu ya wazazi na ulinzi wa watoto, unamhusu hadi atimize miaka 18. Ombi la kurudishiwa mtoto chini ya mkataba wa 1980 kwa kawaida hupitia mamlaka kuu ya nchi husika, yaani ofisi ya serikali inayoshughulikia maombi hayo. Likifika mahakamani kabla ya mwaka kuisha tangu mtoto achukuliwe au azuiwe, mahakama huamuru arudishwe, isipokuwa kwa sababu chache: mzazi aliyeachwa aliridhia, kuna hatari kubwa kwa mtoto, au mtoto mwenye umri na ukomavu wa kusikilizwa anakataa. Wiki 6 zikipita bila uamuzi, mwombaji ana haki ya kudai maelezo ya ucheleweshaji. Hapo hakuna anayepima nani ni mzazi bora. Swali ni mahakama ya wapi isikilize shauri la malezi, na kwa kawaida ni ya nchi yenye makazi ya kawaida ya mtoto: anakoishi na kusoma, siyo kijiji cha asili cha ukoo.

Sasa sehemu ambayo watu hawapendi kuisikia. Mikataba hii hufanya kazi baina ya nchi wanachama tu, na Tanzania haimo katika wowote kati ya hiyo miwili. Kenya na Uganda nazo hazimo. Kwa hiyo amri ya mahakama ya London haitekelezwi hapa moja kwa moja. Unafungua shauri hapa, na mahakama inapima maslahi ya mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, au ya 2011 kwa Zanzibar. Ubalozi hauna mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu na kumchukua mtoto. Tumeshalisema hili mara nyingi mno.

Wazazi husema, "Siwezi kumteka mwanangu wa kumzaa." Unaweza. Katika England na Wales, sheria ya 1984 inamtia hatiani mzazi anayemtoa nchini mtoto wa chini ya miaka 16 bila ridhaa ya kila mwenye majukumu ya mzazi kisheria kwa mtoto huyo au ruhusa ya mahakama. Kifungo kinafika miaka 7. Mwenye amri kwamba mtoto aishi naye anaweza kumsafirisha kwa muda usiofika mwezi mmoja. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1993 inaweka hadi miaka 3, na inamhusu pia anayemzuia mtoto nje ya nchi ili kuvuruga haki za mzazi mwenzake.

Basi kabla ya kukata tiketi, andikeni makubaliano yenye tarehe ya kurudi, na mahakama ya huko anakoishi mtoto iyafanye amri. Kisha mwulizeni wakili wa hapa kama amri ya namna hiyo inaweza kuombwa Tanzania kabla mtoto hajapanda ndege. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, hata ikiwa na mihuri miwili, mwachieni mwenyekiti.